Uncle Tupelo ni kantri au roki? Wajuzi wa kantri naomba mnieleweshe

Ngosha_wa_Igoma:
Wakuu mwangaluka. Mimi nimekulia Igoma kwa mzee anayependa kantri kufa mtu, Jumapili akitoka kanisani ni Jim Reeves na Kenny Rogers mpaka giza linaingia. Sasa juzi kati nipo kwenye meli naenda Ukerewe, jamaa niliyekaa nae akanirushia kwenye simu albamu inaitwa Anodyne ya bendi moja Uncle Tupelo. Toka siku hiyo sisikilizi kitu kingine, kuna wimbo fidla inalia mpaka naacha ninachofanya, halafu unaofuata magitaa yanakwaruza kama bati linaburutwa kwenye mawe. Nikamwekea mzee, nyimbo mbili tu akasema zima, hiyo sio kantri ni vijana wanapiga kelele. Nimeumia kwa kweli maana kantri nimeijua kwake. Nani yuko sahihi? Na hao jamaa bado wapo?

Binti_Mwaloni:
Kaka bendi ilikufa 1994, shoo ya mwisho walipiga tarehe 1 Mei pale St. Louis. Walitokea Belleville, Illinois, kamji kako ng'ambo tu ya mto Mississippi ukitokea St. Louis, Jay Farrar na Jeff Tweedy walisoma pamoja na mpiga dramu Mike Heidorn alikua rafiki yao, bendi wakaianza 1987. Walikua wanapiga panki, yaani roki ya haraka na makelele, ila hawakuona aibu na kantri za wazee wao wakachanganya humo humo. Albamu ya kwanza, No Depression ya 1990, jina wamelitoa kwenye wimbo wa Carter Family, kundi la kantri la zamani, wa 1936! Mwambie mzee hilo, kelele zile zina mizizi mirefu kuliko Kenny Rogers. Baadae watu wakaanza kuuita muziki wa aina hiyo kwa jina la hiyo albamu, na 1995 likaanzishwa gazeti zima la jina hilo.

Mzee_wa_Nyegezi:
Mimi nipo na baba yako. Kantri ni hadithi, maneno yasikike. Gitaa likiyafunika umebaki na nini?

Binti_Mwaloni:
Shikamoo mzee wangu. Ndio maana wakatoa ile ya tatu, jina lake ni tarehe tupu, March 16–20, 1992, yaani zile siku tano walizokaa studio Athens, Georgia, prodyuza Peter Buck wa bendi ya roki R.E.M. Ni magitaa makavu yasiyo na umeme, benjo, mandolini, na karibu nusu ya nyimbo ni za zamani, za wachimba makaa ya mawe, za walevi, za kumkemea shetani. Kumbuka wakati huo Marekani nzima iko na Nirvana, bendi ya roki ya makelele, wao wanaimba makaa ya mawe! Mimi inanikumbusha bugobogobo yetu Wasukuma, ngoma imetoka kwenye jembe, na hata vijana wakiichezea jukwaani jembe bado wanalo mkononi.

Ngosha, hiyo Anodyne ni ya 1993, waliirekodi Austin, Texas wakipiga wote kwa pamoja, ndio maana unawasikia kama wako sebuleni. Sauti nzito ni Farrar, nyepesi ni Tweedy. Hawakua wanaelewana tena, Farrar akajitoa akaunda Son Volt, waliobaki wakawa Wilco. Mi naisikiliza nikijua ni watu wanaoachana na inaniuma kila mara.

Ngosha_wa_Igoma:
Dada ubarikiwe. Jana usiku umeme ulikatika nikamwekea mzee hiyo ya tatu kwenye simu, hatukuongea kitu. Kufika ule wa wachimba makaa akauliza huyu anayeimba ana umri gani, nikamwambia hapo alikua na miaka 25. Akasema rudisha mwanzo. Anodyne bado ameikataa lakini. Sasa Son Volt nianze na ipi?

Mzee_wa_Nyegezi:
Na mimi nataka kujua.

Binti_Mwaloni:
Trace, 1995. Msikilize usiku.