MJADALA: Madaktari na wauguzi wa JWTZ waje shuleni kuwaonyesha watoto kazi za afya, au wabaki kambini?

Wazazi wenzangu wa Dodoma, kikao chetu cha shule kimeisha bila jibu na Jumamosi tunarudi. Hoja ni kama tuwaalike tena wahudumu wa afya wa jeshi wazungumze na wanafunzi, kama walivyokuja mwaka jana. Wapo waliosema mwanajeshi hana kazi darasani. Mimi nasema waje.

Siku ile nilikuwepo. Alikuja mteknolojia wa maabara, mwanamke, kombati chini na koti jeupe juu. Hakuhutubia. Aliomba meza, akaweka kigae cheupe, akajichoma kidole chake mwenyewe na kudondosha matone matatu ya damu. Kila tone akalitilia dawa yake ya kupimia: moja ya A, moja ya B, moja ya Rh, ile inayoonyesha kama damu ni chanya au hasi. Tone likiganda, maana yake damu ina kitu hicho. Akachanganya na kijiti, akawaita watoto wasogee. Matone mawili yakabaki laini. La tatu likakatika vijibonge, kama maziwa yaliyoharibika. "Haya, mimi ni kundi gani?" Kimya. Kisha binti mmoja wa nyuma, ambaye sijawahi kumsikia akijibu swali mbele ya watu, akasema polepole: "A haijaganda, B haijaganda. Wewe ni O. Na hiyo ya tatu imeganda, basi ni O chanya." Alikuwa amepatia.

Wanaosema watoto watavutwa jeshini, nawaelewa. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo pasiwe na fomu wala orodha ya majina, na picha zisipigwe bila ruhusa ya mzazi. Hayo tuyaandike kwenye barua ya mwaliko. Lakini kombati si kitu kigeni hapa. Kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Makutupora iko jirani, na vijana wakimaliza kidato cha sita huitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Hospitali ya Lugalo kule Dar es Salaam ni ya jeshi na raia wanatibiwa humo. Mtu tunayemwamini na mgonjwa wetu, kwa nini tumwogope mbele ya ubao?

Wengine walisema tuite wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Waitwe nao, sioni ugomvi.

Kinachoniuma mimi ni kwamba walipelekwa kidato cha nne peke yake. Binti yangu aliacha fizikia alipoingia kidato cha tatu, akisema ni ngumu, na mimi nikanyamaza. Yule mama alipoeleza kuwa stashahada ya maabara ya tiba inataka ufaulu wa kemia, baiolojia na fizikia, nilimwona mwanangu akiinamisha uso. Mpaka leo hatujalizungumza vizuri.

Mzazi, Nkuhungu: Dada, la damu ni zuri. Ila wangu alirudi nyumbani anasimulia buti na gari la jeshi, damu hakuitaja. Katika umri ule mavazi yanasema kuliko mdomo. Kwa nini asije na koti jeupe tu?

Mwalimu wa kemia, Bahi: Naomba niongeze. Kwetu maabara ilijengwa kwenye ile kampeni ya maabara tatu kila sekondari ya kata, enzi za Rais Kikwete, na wazazi walichanga. Chumba kipo, meza zipo, vitendanishi, yaani dawa za majaribio, ndivyo shida. Nasi tulipata mgeni wa aina hiyo. Akafanya jaribio moja, watoto wakafurahi, akafungasha vitu vyake. Kesho yake wananiuliza, "Mwalimu, lini tena?" Mimi ndiye nabaki na swali hilo, kombati au bila kombati.

Mwanzisha mada: Kaka wa Nkuhungu, hapo siwezi kukubaliana nawe. Akija amejificha ndipo nitaingiwa na shaka. Mtoto ajue anaongea na nani, aulize. Mmoja alimuuliza kama daktari wa jeshi anaruhusiwa kumtibu adui aliyejeruhiwa. Akajibiwa kwamba ni wajibu wake, majeruhi ni majeruhi. Swali hilo lisingeulizwa kwa koti jeupe pekee. Lakini gari libaki nje ya geti, hilo umenishawishi.

Mwalimu, wewe umenibadilisha. Nilikuwa napigania siku moja, kumbe siku moja haitoshi. Jumamosi nitaomba waje kidato cha pili, kabla watoto hawajachagua masomo, na warudi kila muhula. Tena mwalimu wa kemia asimame nao mezani, afanye jaribio kwa mikono yake, ili wakiondoka aweze kulirudia. Gharama ya dawa za kupimia tuigawane wazazi. Vigae msinunue. Vimebaki vya jikoni kwangu, vyeupe, nitaleta.