Sheria mbaya ni sheria au siyo? Tuanzie na shamba la Bi Holaria

Wakuu heshima kwenu. Juzi tukijadili mirathi kuna jamaa kaandika "sheria ni sheria hata ikikuumiza, huitaki nenda bungeni", watu kibao wakamuunga mkono. Mimi nimeshindwa kuipotezea.

Mwaka 1988 huko Muleba, Kagera, Bi Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia, akalipwa laki 3, na mnunuzi hakuwa wa ukoo wao. Mpwa wake akakimbilia mahakama ya mwanzo, eti mwanamke wa Kihaya hauzi ardhi ya ukoo. Na kweli kanuni za mila zilizotangazwa na serikali 1963 zilisema hivyohivyo: mwanamke atalitumia shamba maisha yake yote ila kuuza marufuku. Mahakama ya mwanzo ikabatilisha mauzo, ya wilaya ikampa mama haki, mwisho ikafika Mahakama Kuu Mwanza na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema kanuni hiyo ni ya kibaguzi, haiwezi kusimama mbele ya haki zilizoingizwa kwenye Katiba 1984. Ukoo ukitaka shamba urudishe laki 3 ndani ya miezi 6.

Sasa nauliza, ile miaka yote toka 1963 kanuni ile ilikuwa sheria? Mtakatifu Augustino angesema hapana, sheria isiyo ya haki kwake si sheria. Mimi niko upande huo, na nina sababu. Shangazi aliyenilea alikuwa anatandaza nyasi kwenye migomba ya baba yake kila msimu, mikono imepasuka, halafu kikao cha ukoo kikampa shamba kaka yake wa mjini ambaye hata masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, hayajui. Niambieni hapo haki iko wapi.

MCHANGIAJI: Pole kwa shangazi mkuu, ila umechanganya mambo mawili. Jaji hakufuata huruma, alifuata Katiba, nayo ni sheria iliyotungwa na watu. Bila yale mabadiliko ya 1984 angeshikilia nini? Hart, yule mwanafalsafa wa sheria Mwingereza, anasema kukubali kwamba kitu ni sheria siyo kukubali kwamba lazima ukitii. Iite sheria, halafu sema ni ovu, ipigwe chini. Ukisema siyo sheria kabisa, kesho kila hakimu atakuja na dini yake.

MLETA MADA: Hapo kwa Katiba umenibana, nakubali, na hilo la kila hakimu na dini yake hata mimi linanitisha. Lakini basi chukua Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa, 14 kwa kibali cha mahakama. Mahakama Kuu 2016 ikasema vifungu vya 13 na 17 vinavunja Katiba, serikali ipewe mwaka mmoja irekebishe. Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani 2019 ikaitupa. Haya, 2020 vifungu bado vimo kitabuni vilevile na mzazi kaja kwa mfungishaji ndoa kamshika mkono binti wa miaka 15. Huyo mfungishaji afuate kitabu au majaji? Na yule jamaa wa "sheria ni sheria" naye ajibu, ni sheria ipi anayoisema hapo?