Acheni kumezesha watu hatua 20 za ufunguzi wa Mweupe bila kuwapa sababu!

Wadau wa chesi, imetosha. Mwanafunzi aliyejua juzi farasi anavyoruka anapewa faili la ufunguzi wa Ruy Lopez lenye hatua 20 na matawi kibao, anaambiwa ameze. Anameza. Anafika mashindanoni, 1.e4 e5 2.Nf3, mpinzani anajibu 2...d6. (Kwa mgeni: N ni farasi, B askofu, R ngome, Q malkia, K mfalme, bila herufi ni askari; x ni kula, + ni cheki, nukta tatu ni hatua ya Mweusi, 0-0 na 0-0-0 ni kumficha mfalme kwa ngome.) Hatua ya pili tu, faili lote halina kazi! Ruy Lopez haipo mpaka Mweusi acheze 2...Nc6 ndipo Mweupe aseme 3.Bb5. Mnamfundisha mtu tawi la 15 la barabara ambayo wapinzani wa kiwango chake hawaipiti, halafu akipigwa mnasema hakusoma vizuri. Amesoma. Kosa ni lenu mnaofundisha hivyo.

Wapinzani wa madaraja ya chini wanachokuletea ni 2...d6, 2...f6, Petrov (2...Nf6) nusunusu, Skandinavia (1...d5). Huko ndiko pa kuanzia.

Chukua 2...d6. Jibu ni 3.d4, na wengi wanambana farasi kwa 3...Bg4. Ni kosa, na sababu yake mtoto anaielewa: 4.dxe5, Mweusi akirudisha 4...dxe5 malkia wanabadilishwa 5.Qxd8+ Kxd8, kisha 6.Nxe5. Askari amekwenda bure, askofu wa g4 anashambuliwa, na farasi huyohuyo anamwinda mfalme na ngome kupitia f7. Ndiyo maana Mweusi analazimika 4...Bxf3 5.Qxf3 dxe5 6.Bc4, na tayari f7 inatishiwa mate, yaani mfalme kufungwa na mchezo kuisha. Akizuia kwa 6...Nf6, 7.Qb3 inapiga f7 na b7 kwa pamoja. Morphy, gwiji wa Marekani, aliyacheza haya Paris mwaka 1858 dhidi ya Duke wa Brunswick na Count Isouard, akamaliza kwenye hatua ya 17. Na angalieni: baada ya 7...Qe7 hakula b7, kwa sababu 8.Qxb7 Qb4+ inaleta mabadilishano ya malkia. Alileta kete mpya mchezoni, 8.Nc3. Hilo ndilo somo zima la ufunguzi, na limo ndani ya hatua nane!

2...f6 je? 3.Nxe5. Mweusi akila 3...fxe5, basi 4.Qh5+, na 4...g6 inaliwa 5.Qxe5+ na ngome ya h8 inakwenda. 4...Ke7 ni mbaya zaidi: 5.Qxe5+ Kf7 6.Bc4+ na mfalme anakimbizwa ubao mzima. Lakini walimu wanaishia hapo, hawasemi kwamba Mweusi anayejua anacheza 3...Qe7. Mwanafunzi anashtuka, anaacha farasi aliwe. Jibu ni kurudi tu, 4.Nf3 Qxe4+ 5.Be2, kisha 0-0 na Re1, malkia wa Mweusi anahangaishwa.

Petrov, 2...Nf6 3.Nxe5: asipoanza na 3...d6, akila 3...Nxe4, cheza 4.Qe2. Farasi akikimbia 4...Nf6, 5.Nc6+ inafungua cheki ya malkia na malkia wa Mweusi amekwisha. Akicheza sahihi, 3...d6 4.Nf3 Nxe4, basi 5.Nc3 Nxc3 6.dxc3, halafu Be3, Qd2, 0-0-0. Mpango mmoja, unakumbukika.

Sasa kinachoniudhi kuliko vyote: ulinzi wa Kifaransa. Mnafundisha 1.e4 e6 2.d4 d5 3.e5 c5 4.c3 Nc6 5.Nf3 Qb6 6.Bd3 kwa ajili ya mtego, kwamba baada ya 6...cxd4 7.cxd4 Nxd4 8.Nxd4 Qxd4 9.Bb5+ malkia analiwa. Kweli analiwa. Lakini Mweusi akicheza kwanza 7...Bd7, cheki ya b5 haipo tena na askari wa d4 ananing'inia kikweli. Hapo 8.0-0 ni kumtoa askari kwa makusudi ili upate mashambulizi, na aliyefundishwa mtego hajui kwamba ametoa, wala afanye nini baadaye. Mpeni 6.a3, mwambieni sababu: b4 inakuja kuondoa shinikizo la d4. Mweusi akifunga kwa 6...c4, upande wa malkia umelala, tunahamia upande wa mfalme.

Kutengeneza akiba ya funguzi za Mweupe si kazi ya kurasa 300. Ukurasa mmoja kwa kila jibu la hatua ya kwanza: e5, c5, e6, c6, d5. Hatua sita mpaka nane, basi. Chini yake andika mfalme anakwenda wapi, askari gani anasukumwa kuvunja katikati, na kete ipi yako ni mbaya. Kisha cheza michezo ya dakika 10 na nyongeza ya sekunde 5. Kila mchezo ukiisha, tafuta hatua ya kwanza iliyotoka nje ya ukurasa wako, ongeza jibu moja tu. Tovuti ya chesi ya Lichess ni bure, na kitafutio chake cha funguzi kinakuruhusu kuchagua michezo ya wachezaji wa kiwango chako. Humo utaona wenzako wanacheza nini hasa, badala ya kukisia kwa michezo ya mabingwa wa dunia.

AskofuMweupe
Mkuu, hapo kwenye kumeza nakuunga mkono, lakini umeruka mfumo wa London. 1.d4, 2.Bf4, e3, c3, Nd2, mtu anacheza yaleyale dhidi ya kila kitu. Kwa asiye na muda, kuna ubaya gani?

Mwanzisha uzi
Ubaya ni hilo neno "yaleyale". 1.d4 d5 2.Bf4 c5 3.e3 Qb6, b2 imeshambuliwa. Aliyefundishwa yaleyale anacheza 4.b3 kwa woga na kujitoboa c3. Hatua nzuri ni 4.Nc3, maana Mweusi akila 4...Qxb2, 5.Nb5 inatishia Nc7+. Farasi yuko c3, mahali ambapo mfumo ulisema pawe na askari! London ni nzuri, ila ifundisheni kwa sababu zake. Na mwenye kutaka kupunguza kazi ajue hili: 3...cxd4 4.exd4 Nc6 5.c3 Nf6 6.Bd3 ni nafasi ileile kabisa ya ulinzi wa Caro-Kann, tawi la mabadilishano, 1.e4 c6 2.d4 d5 3.exd5 cxd5 4.Bd3 Nc6 5.c3 Nf6 6.Bf4. Fischer wa Marekani alimpiga Petrosian, bingwa wa zamani wa dunia, kwa njia hiyo Belgrade mwaka 1970. Mpango ni mmoja: farasi e5, ngome e1, mashambulizi upande wa mfalme kabla Mweusi hajafikisha b5-b4.

Hatua_ya_Nne
Ongeza na ule ugonjwa wa 4.Ng5 kwenye ufunguzi wa Kiitaliano. 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5 d5 5.exd5, vijana wanasubiri 5...Nxd5 ili wapige 6.Nxf7. Anakuja mtu na 5...Na5, wanakwama kwa sababu hakuna aliyewaambia 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6 8.Bd3, askofu akimlindia farasi mraba wa e4. Una askari wa ziada ila kete zako zimelala, kwa hiyo kazi yako ni kustahimili. Na Mweusi akianza 3...Bc5, Ng5 haipo, malkia wa d8 anaitazama g5. Hapo ni 4.c3 Nf6 5.d3, taratibu. Wala msikimbilie Bg5 kabla Mweusi hajaficha mfalme: h6, Bh4, g5, na askari wake wanakuvamia bila hatari yoyote kwake.

Mzee wa e4
Ndugu zangu, na Sisilia (1.e4 c5)? Msiwapeleke wanafunzi kwenye Najdorf, tawi lake gumu, wataumia bure.

Mwanzisha uzi
Shikamoo mzee. 2.c3. Akijibu 2...Nf6, 3.e5 Nd5 4.d4 cxd4 5.Nf3, kisha cxd4 na Bc4. Akijibu 2...d5 3.exd5 Qxd5 4.d4, wanafunzi waambiwe wazi gharama yake: askari wa c3 amechukua mraba wa farasi, kwa hiyo malkia wa d5 hafukuzwi mara moja kama kwenye Skandinavia. Asiyeambiwa hilo anapoteza hatua mbili akimsaka malkia asiyeshikika, na Mweusi anamaliza kutoa kete zake kwa raha.