Tupeane uzoefu: ukiandika, unamwona nani mbele yako?

Mwana wa Korogwe:
Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wa 11 naandika hadithi fupi. Juzi mpwa wangu kaniuliza, "Mjomba, hizi unamwandikia nani?" Nikamjibu papo hapo: bibi yangu.

Bibi hakujua kusoma. Hadithi yangu ya kwanza nilimsomea jikoni huku akipepeta mchele. Kufika ukurasa wa pili akanikatiza: "Huyo mwanamke tangu asubuhi analia tu. Amekula nini?" Sikuwa na jibu. Nikaiandika upya yote, yule mwanamke akala kiporo cha makande ndipo habari za msiba zikamfikia. Bibi alifariki 2016. Hadi leo nikimaliza aya nausikia ungo wake.

Wenzangu je? Leteni visa vyenu vya kweli, nadharia tuziache kwanza.

Usiku Mwingi:
Mimi nisipoandika usingizi hauji. Msomaji simuwazii kabisa. Akitokea, karibu.

Dada Sehemu:
Nauza riwaya kwa simu, kila sehemu shilingi 1,000, wateja wangu wako kwenye kundi la WhatsApp. Ada ya mwanangu inatoka humo, kwa hiyo wakisema nawasikiliza. Mwaka jana walitaka Rehema arudi kwa mumewe aliyekuwa akimpiga, eti watoto watalelewa na nani. Nikamrudisha. Sehemu ile iliuzika kuliko zote.

Siku mbili baadaye mmoja akanifuata faragha: "Dada, nilikuwa nasubiri Rehema aondoke ili na mimi nijue mtu anaondokaje." Nililia. Kundi bado lipo, lakini sasa namwandikia huyo mmoja.

Bi Daftari:
Dada Sehemu, umenigusa. Mimi sijawahi kuchapisha kitu. Nilipoambiwa nifanyiwe upasuaji, binti yangu alikuwa na miaka 4. Nikanunua daftari la kurasa 200 nikaanza kumwandikia: jinsi ya kupika wali wa nazi usishike chini, ndugu gani wa kumkimbilia, baba yake tulikutanaje. Nilikuwa namkumbuka Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Ulikuwa wosia wa mama kwa mwanawe, pwani nzima ikauimba. Mimi sihitaji pwani. Nimepona, alhamdulillahi, na bado naandika, maana mtoto ameanza kuuliza maswali ambayo mdomo wangu hauyawezi.

Karani wa Wete:
Mimi nimejifunza kuandika kwa barua za watu. Mwaka 1987 nilikuwa darasa la sita, na mtaani kwetu kina mama wengi waume zao walikuwa ng'ambo. Nikitoka madrasa jioni naitwa: "Mwanangu, njoo uniandikie." Malipo yalikuwa kipande cha muhogo, au dua.

Mama mmoja mumewe alikuwa Maskati. Yule bwana naye hakujua kusoma, barua alisomewa na mwenzake wa chumbani. Mama alilijua hilo. Akanyamaza muda mrefu, kisha akaniambia: "Andika, mwembe wa uani mwaka huu haukuzaa." Nikaangalia uani. Hapakuwa na mwembe. Nikaandika kama alivyosema.

Mtoto wa miaka 13, lakini nilielewa kwamba barua ile ina wasomaji wawili, anayeishika na anayesubiri, na maneno lazima yampite wa kwanza yamfikie wa pili. Mshairi Abdilatif Abdalla alipotunga mashairi ya diwani yake Sauti ya Dhiki juu ya karatasi za chooni, akiwa amefungwa Kenya kati ya 1969 na 1972, nadhani alikuwa na hesabu kama hiyo, ila yeye aliyeogopewa kuishika alikuwa askari jela. Hata leo nikiandika makala najiuliza: huyu anayeshika ni nani, na yule anayesubiri yuko wapi?

Mwana wa Korogwe:
Mzee wangu Karani, mwembe ulikuwa na maana gani? Na mume alijibu?

Karani wa Wete:
Maana sikuuliza, wala hakuniambia. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu. Aliyeandika alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu. Baada ya salamu kulikuwa na mstari mmoja tu: "Huo mwembe utie maji, nitafika kabla ya masika." Yule mama alinitaka nimsomee mara nne.