Mjadala: Nishati ya giza tuitafute kwa redio, au tuziachie darubini za mwanga?

Mleta mada

Wadau, nianze na msimamo wangu ili nisiambiwe nauma na kupuliza: darubini za redio zinastahili fedha za umma katika kuisaka nishati ya giza, hata kama mpaka sasa darubini za mwanga ndizo zinazoongoza.

Kwa aliyechelewa: mwaka 1998 timu mbili zilizokuwa zikipima supanova (nyota zinazolipuka) za mbali zilizikuta zimefifia kuliko ilivyotarajiwa. Maana yake ulimwengu haupanuki tu, unapanuka kwa kasi inayoongezeka. Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipata Nobeli ya Fizikia mwaka 2011 kwa kazi hiyo. Kisababishi kikaitwa nishati ya giza, karibu asilimia 70 ya vyote vilivyomo ulimwenguni, na hakuna ajuaye ni kitu gani.

Njia moja ya kuipima ni kufuata alama iliyoachwa na mawimbi ya sauti ulimwengu ulipokuwa mchanga. Kwa vipimo vya leo alama hiyo ina upana wa takriban miaka nuru milioni 490: galaksi zilizoachana kwa umbali huo ni nyingi kidogo kuliko bahati ingeruhusu. Ukiipima katika zama mbalimbali, unaisoma historia ya upanukaji. DESI, chombo kilichofungwa kwenye darubini kule Kitt Peak, Arizona, Marekani, huifanya kazi hiyo kwa mwanga, galaksi moja moja, kwa nyuzi za kioo 5,000 zinazoelekezwa na roboti.

Redio haihangaiki na galaksi moja moja. Haidrojeni hutoa wimbi la sentimita 21, yaani masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya megahezi 1420. Wimbi lililotoka ulimwengu ukiwa nusu ya ukubwa wa sasa linatufikia limerefuka hadi sentimita 42, megahezi 710. Ukihamisha masafa, umehamia zama nyingine. Unachora mng'ao wa haidrojeni kwa jumla na kupata eneo kubwa mno la anga kwa mkupuo. CHIME, darubini ya redio iliyoko karibu na Penticton, Kanada, ina antena za nusu-silinda nne za mita 20 kwa 100 zisizosogea hata kidogo. Dunia inajizungusha, anga inapita juu yake.

Karibuni.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, umeeleza vizuri ila umeruka penye mfupa. Galaksi yetu wenyewe inanguruma katika masafa hayohayo, makumi ya maelfu ya mara kuliko haidrojeni unayoitafuta. Ni kumsikiliza mtu anayenong'ona kando ya spika ya harusi. Ndiyo maana mwaka 2010 darubini ya redio ya Green Bank, Marekani, ilipoiona haidrojeni hiyo, iliiona kwa kulinganisha data zake na ramani ya galaksi iliyokwisha kutengenezwa kwa mwanga. CHIME mwaka 2022, hivyohivyo. MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini, hivyohivyo. Kwa sehemu kubwa mwanga ndio umekuwa ukimshika redio mkono. Sasa kwa nini nilipie viwili?

Mchangiaji wa 2

Mngurumo huo una tabia moja inayotusaidia: ni laini. Ukitoka megahezi 700 kwenda 701 haubadiliki ghafla, ilhali haidrojeni hupanda na kushuka, kwa sababu kila hatua ya masafa ni tabaka jingine la ulimwengu. Kinadharia unaondoa kilicho laini, kinachobaki ni chako. Tatizo ni antena. Antena haisikii masafa yote sawasawa. Mawimbi yanadundadunda kati ya kioo na kipokezi, na mngurumo uliokuwa laini unatoka na mikunjo inayofanana kabisa na haidrojeni. Hapo usipoijua antena yako hadi sehemu moja katika maelfu, utatangaza ugunduzi wa kasoro ya chombo chako. Kwa hiyo pesa ziende kwenye kupima antena kabla ya kuongeza antena.

Mchangiaji wa 3

Na simu je? Megahezi 700 na 800 ni mali ya simu na televisheni. Utaikimbiza darubini nyika kavu ya Karoo, Afrika Kusini, ambako kuna sheria ya mwaka 2007 ya kulinda utulivu wa redio, lakini setilaiti zinapita juu ya Karoo pia.

Mchangiaji wa 4

Hoja ya setilaiti naikubali, lakini kubwa zaidi ni hii. Kasi ya upanukaji ilianza kuongezeka kama miaka bilioni 5 au 6 iliyopita. CHIME inaangalia takriban miaka bilioni 7 hadi 11 iliyopita. Mleta mada anamtafuta mwizi kwenye nyumba ambayo hajaingia bado.

Mleta mada

Wa 4, hiyo ndiyo hoja iliyonifanya niupende mjadala huu, na ndipo tunapotofautiana. Machi 2025 DESI, ikiwa na galaksi na kwaza (viini ang'avu mno vya galaksi za mbali) karibu milioni 15, ilidokeza kwamba nishati ya giza huenda inadhoofika kadiri muda unavyokwenda. Uhakika ulikuwa kati ya sigma (kipimo cha jinsi matokeo yasivyo ya bahati) 2.8 na 4.2 kutegemea supanova zipi zimeunganishwa nayo. Wanafizikia hudai 5. Kama ni kitu kisichobadilika, enzi za CHIME kinapaswa kuwa sehemu ndogo tu, na kupungua zaidi kadiri unavyorudi nyuma. Kikionekana na nguvu kuliko hapo, nadharia ya kutobadilika imeanguka. Kutokukuta kitu huko nako ni kipimo.

Wa 1, dokezo hilo linategemea kwa sehemu kubwa mwanga, ambao vumbi huweza kuufifisha, na namna galaksi zilivyochaguliwa. Redio inakosea kwa njia nyingine kabisa, na vumbi haliisumbui. Nani yuko tayari kuitupa fizikia ya miaka zaidi ya 25 kwa ushahidi wa aina moja ya macho? Nijibu hilo kwanza, halafu turudi kwenye bei.

Mchangiaji wa 1

Nakujibu: siko tayari. Lakini redio ilete kipimo chake cha ile alama ya mawimbi ya sauti bila kushikwa mkono. Ikileta, nasaini hundi.