Watoto wa Shosho Wamaitha: habari za Murage

*Alhamisi*

Wangari 19:12
Hamjamboni. Nimetoka wadi saa hii. Murage amelala, hajatapika damu tangu asubuhi. Ameongezwa painti ya 3 ya damu. Someni mpaka mwisho, nisipigiwe simu mmoja mmoja, simu yangu inazima.

Wangari 19:14
Kwanza, kilichomtapisha damu SI POMBE. Daktari alituonyesha ile picha ya tumbo. Ini lina makovu ya kichocho, ile bilhazia ya tumbo. Wengu umevimba umefika karibu na kitovu.

Wangari 19:17
Pili, Jumanne saa moja asubuhi anamezeshwa tena kamera, mishipa iliyobaki kwa koo ifungwe. Tunahitaji 38,000 kufikia Jumatatu saa sita mchana. Bima yake ya afya ya SHA, mchango wa mwaka huu haukulipwa, tusianze kulaumiana. Watu 4 wa kutoa damu. Na mtu wa kulala naye Jumatatu usiku, mimi nimelala kwa kiti siku 4.

Wangari 19:18
Ya tatu inahusu kila mmoja wetu. Nitaisema nikifika nyumbani.

Njagi 19:40
🙏🏾

Kevo 19:41
Pole sana Anti. Mwambie Anko apone haraka, Harambee Stars wakienda Kombe la Dunia tunaenda na yeye

Shiru 19:42
Kevo basi hiyo ni kumwambia alale tu 😂😂

Kevo 19:42
Shiru wewe huna uzalendo

Wangari 20:25
Nimeomba damu mnaniletea mpira. Kevo wewe ni damu gani?

Kevo 20:58
O chanya

Wangari 20:58
Kesho saa tatu, ukiwa umekula. Wa kwanza huyo.

Mama Ciku 21:03
Poleni jamani. Mimi kwangu dawa ya minyoo ni kila miezi mitatu, mimi na watoto. Kwani Murage alikuwa hanywi?

Gachoki 21:20
Anti, hiyo ya kutafuna ni albendazoli. Inatoa minyoo ya utumbo. Kichocho hakikai ndani ya utumbo, kinakaa ndani ya mishipa ya damu inayouzunguka. Dawa yake ni prazikwanteli. Unaweza kutafuna zile zako miaka kumi na kichocho kikawa hapo.

Gachoki 21:26
Jana mwenzangu wa maabara aliniita nitazame mwenyewe. Choo cha kwanza hakikuonyesha kitu. Cha pili hakuna. Cha tatu, nilikuwa karibu kuinuka kwa hadubini, nikaliona. Yai moja. Rangi ya manjano kama chai ya maziwa iliyopoa, limerefuka kama punje ya mpunga, na mwiba pembeni. Kichocho cha mkojo mwiba wake uko mwishoni. Huu ulikuwa pembeni. Nilikaa pale nikamkumbuka Anko akinifundisha kuogelea kwa mfereji.

Shiru 21:28
Ule wa nyuma ya kwa kina Muriithi?

Gachoki 21:28
Huo huo.

Wangari 21:31
Gachoki waelezee vizuri vile ulinieleza kwa matatu, wengine humu wana mambo yao kuhusu Murage.

Gachoki 21:39
Konokono wa majini ndio wanaolea vimelea. Vikitoka kwa konokono vinaogelea, vinapenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, ni dakika chache tu. Jike moja hutaga kama mayai 300 kwa siku. Mengine hutoka na choo, mengine hubebwa na damu mpaka kwa ini, yanakwama huko. Ini linajenga kovu kuzunguka kila yai. Miaka na miaka. Mwishowe damu inakosa njia ya kupita, inasukuma kwa mishipa ya koo, inavimba, siku moja inapasuka. Ile damu ya Jumapili kwa beseni ni hiyo. Na bado nyama ya ini lenyewe inafanya kazi, ndiyo maana macho yake hayajakuwa manjano.

Njagi 21:50
Sawa. Lakini tusiandike historia upya. Murage alikuwa anakunywa, na kila mtu humu anajua.

Wangari 21:51
Alikunywa. Akaacha 2015. Daktari ameulizia hiyo pia, na damu imepelekwa kupimwa homa ya ini. Hakuna anayeficha kitu.

Wangari 21:52
Ila Njagi, siku ya ruracio ya Wambui, ile ya mahari, ulisema nini mbele ya wakwe? Tumbo la Murage lilikuwa limeanza kujaa, ukasema kreti ndiyo iko mle ndani. Watu wakacheka. Alitoka akaketi kwa gari mpaka jioni.

Njagi 21:53
Nilisema nilichoona.

Wangari 21:53
Na ile eka ya juu je, pia uliona?

Njagi 21:55
*Ujumbe huu umefutwa*

Mama Ciku 22:02
Jamani usiku mwema. Wangari, nimemnunulia Murage diklofenaki ya mgongo, nitamtuma Ciku nayo kesho.

Gachoki 22:03
HAPANA Anti. Hizo zinaweza kumfungulia damu tena. Mwenye ini kama hilo asipewe diklofenaki wala ibuprofeni. Akiumwa amwambie nesi, atapewa kitu kinachomfaa. Na ile mizizi kutoka Embu ikae huko huko.

Mama Ciku 22:10
Sikujua mwanangu. Nimeirudisha kwa mkoba.

*Ijumaa*

Wangari 06:15
Ya tatu. Kila aliyewahi kuingia kwa mashamba ya mpunga Mwea, akapandikiza, akavua, akaoga kwa mfereji, aende apimwe choo. Mara 3, siku tofauti, mmesikia ile ya Murage. Nataka majina kufikia Jumapili.

Kevo 07:02
Anti hizo mikebe zote zikipanda matatu moja tutashushwa Juja 😂

Shiru 07:03
Kondakta anauliza umebeba nini, mchele wa pishori 😂😂😂

Mama Ciku 07:05
Shiru na watu wanakunywa chai!

Shiru 07:11
Lakini si tununue tu hiyo dawa? Hapa Roysambu wanauza. Naweza kuchukulia hata Anko.

Gachoki 07:30
Usimchukulie. Kipimo hufuata uzito, kama miligramu 40 kwa kila kilo, na ini ndilo linaloisaga dawa hiyo. Ini likiwa na shida dawa hujaa kwa damu kuliko kawaida. Daktari wake anataka mishipa itulie kwanza ndipo ampe. Na hata akipewa itaua minyoo, lakini si makovu yote yatakayofutika. Sisi tupimwe kwanza.

Wangari 07:31
Majina. Mpaka sasa niko mimi, Gachoki, Shiru.

Shiru 07:31
Mimi sikusema!

Wangari 07:32
Umeandikwa.

Ciku 12:48
Shosho ametuma sauti ya dakika mbili kwa simu yangu. Anasema niiandike neno kwa neno kwa sababu nyinyi hamfunguangi sauti zake.

Ciku 12:55
"Watoto wangu. Mifereji ile baba yenu aliichimba akiwa kizuizini, wakati wa hali ya hatari, na mlinzi amesimama juu yake. Baadaye tukapewa mashamba tukashukuru. Nilipandikiza mpunga Murage akiwa mgongoni, na alipojua kutembea nikamweka majini pamoja na mimi, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwachia. Maji hayo nilimtia mimi. Njagi, wewe ulikuwa shuleni, ada yako ilitoka kwa maji hayo. Usimwite tena ndugu yako mlevi nikiwa hai. Nimemaliza."

Mama Ciku 13:20
Aki Shosho 😭

Gachoki 14:02
Tumesikia Shosho.

*Jumamosi*

Wangari 09:10
Pesa: mimi 8,000, Mama Ciku 5,000, Gachoki 5,000, Shiru 1,500, Kevo 2,000. Jumla 21,500. Bado 16,500. Damu wametoa wawili. Muriithi, Wambui, Karimi, naona mmesoma.

Wambui 11:36
Nitatuma Jumatatu mapema, mshahara umechelewa. Pole kwa kimya.

Murage 15:47
Nimesoma yote tangu Alhamisi. Gachoki asante. Mwambieni Mama maji yale nilikuwa nikiyapenda. Kesho anayekuja aniletee uji mwembamba, uliopoa kidogo, wa hapa wanauleta ukichemka.

Wangari 15:48
Murage! Lala. Nitauleta.

Njagi 21:17
Nani analala naye Jumatatu?

Wangari 21:18
Kevo alisema labda. Kevo?

Kevo 21:40
Niko shifti Anti, nimeomba kubadilishana, jamaa hajanijibu

Wangari 21:41
Ndiyo ama hapana?

Wangari 21:58
Njagi, umeuliza kwa sababu unakuja?

Njagi 22:30
Mlango wa wadi hufungwa saa ngapi?

Wangari 22:30
Saa mbili. Uje na blanketi, kiti ni cha plastiki.

Wangari 22:44
Njagi?