Tupeane uzoefu: siku mambo yalipoharibika angani na wahudumu wakasimama imara

Mwana wa Ahero
Jana nilimsindikiza shangazi uwanja wa ndege hapa Kisumu. Akapita mhudumu mmoja akivuta kasanduku kake ka magurudumu, na moyo wangu ukarudi nyuma. Nilikuwa nimemtoa mama Nairobi baada ya matibabu, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Ndege ya jioni, na jioni zetu mnazijua, wingu limekaa kuanzia Kericho hadi Nandi. Tulirushwarushwa njia nzima. Tukakaribia, naliona ziwa, nayaona hata magugumaji, magurudumu yametoka, mara injini zikanguruma tukapaa tena juu. Mama akanibana mkono, akamwita Mungu, Nyasaye, mara tatu. Mhudumu wetu siku ile alikuwa kwenye kile kiti kinachotutazama sisi, mgongo wima, amekalia viganja vyake. Uso haukubadilika. Alimtazama mama machoni, akaitikia kwa kichwa polepole, basi. Tulitua mara ya pili, salama. Mama hakumbuki alichosema rubani. Anamkumbuka yule msichana. Nyinyi mlipitia nini?

Kijana wa Kondele
Kupaa tena si dharura, ndugu. Upepo ukigeuka au njia isipokaa sawa, rubani anazunguka. Ni kazi ya kawaida, usiwatishe watu.

Mwana wa Ahero
Kamwambie mama yangu ilikuwa kawaida.

Mama Baraka, Kakamega
Kweli kabisa. Mimi pia yalinikuta, magoti yaliisha nguvu.

Muuguzi wa Milimani
Mzee alianguka chooni tukiwa angani. Wakauliza kama kuna daktari, nikasimama mimi. Nilidhani nitakuta wasichana wa chai. Walikuwa wameshamlaza chini kwenye ujia, wamefungua mtungi wa oksijeni, mmoja anaandika saa na mapigo ya moyo kwenye karatasi. Mzee alifika hai. Tangu siku hiyo nawasalimu kwa heshima.

Mstaafu wa Angani, Vihiga
Nimesoma nikashindwa kunyamaza. Nilihudumu angani miaka 17, sasa nafuga kuku Mbale.

Ilikuwa safari ya usiku, taa zimezimwa, abiria wamelala. Nilianza kusikia harufu. Si ya chakula kilichoungua, ni tamutamu, kama dawa ya kutolea rangi ya kucha. Kisha mtu akapiga ukelele. Pawabenki yake ilikuwa imeteleza kati ya viti, naye akasogeza kiti aitafute, kiti kikaiponda. Moshi mweupe, halafu mwali.

Tumefundishwa hivi: mmoja anazima, mmoja anampigia rubani, mmoja analeta vifaa. Mimi nilikuwa karibu zaidi, kwa hiyo moto ulikuwa wangu. Nilivaa kofia ya kukinga moshi, nikapuliza kizima moto. Mwali ukafa. Lakini kile kizima moto kinaua mwali tu, ndani betri bado inachemka na seli moja inaichoma jirani yake. Lazima uipoze. Nilimimina maji, yakaisha, nikamimina soda, nikamimina chai iliyopoa ya kwenye troli. Kila nikidhani imekwisha, inafoka tena. Barafu hatuweki, inalifungia joto ndani.

Katikati ya hayo baba mmoja akasimama afungue kabati la juu achukue begi. Nilimwambia "Keti!" kwa sauti ambayo hata wanangu sijawahi kuwapigia. Akaketi. Wengine niliwaambia wainame, wafunike pua kwa nguo.

Tulitua bila mtu kuumia. Abiria wakashuka, nikawaaga mmoja mmoja. Halafu nikaenda kufunga kabati la troli na vidole vikakataa. Nilisimama pale nimeshika komeo, sijui kwa muda gani.

Mama Baraka, Kakamega
Woi! Pole sana, mama.

Fundi wa Nakuru
Ndiyo maana mimi pawabenki naiweka kwenye sanduku la chini, mbali na watu.

Mstaafu wa Angani, Vihiga
Usithubutu, kaka! Huko chini ikiwaka hakuna mkono wa kuifikia. Sheria inataka ubebe nayo juu, tuione. Na ikianguka kati ya viti, usisogeze kiti. Tuite.

Msafiri wa Mumias
Kwa vile Kisumu tunashuka kando ya ziwa, wacha niseme hili. Mwaka 1996 ndege iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa, mafuta yakaisha, ikaangukia baharini Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125. Kuna waliojaza hewa jaketi la kuelea wakiwa bado ndani, maji yakaingia, yakawainua hadi darini wakashindwa kutoka. Mhudumu akisema lijaze ukishafika mlangoni, msikilize.

Mama Baraka, Kakamega
Sawa, lakini ile ya kuvaa barakoa ya oksijeni wewe kwanza, halafu mtoto? Mzazi gani?

Mstaafu wa Angani, Vihiga
Mzazi anayetaka mtoto aishi. Kwenye futi 35,000 hewa ikitoka una nusu dakika, pengine dakika moja, ya kuwa na akili timamu. Ukizimia ukihangaika na kamba ya mtoto, nani atamvika?

Mama Baraka, Kakamega
Nimeelewa, ila mikono yangu itakimbilia kwa mtoto tu.

Fundi wa Nakuru
Nami begi siliachi. Mle mna vyeti vyangu na hati ya shamba.

Kijana wa Kondele
Basi utaua watu! Ndege hupimwa watu wote watoke kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Januari 2024 ndege iliwaka pale Haneda, Japani, watu 379 wakatoka wote, mabegi wakayaacha.

Fundi wa Nakuru
Hati za Japani si za Njoro. Mimi nimeipigania ile miaka 9 kortini.

Muuguzi wa Milimani
Ishone mfukoni mwa koti, yaishe.

Mwana wa Ahero
Nimemsomea mama yote. Anamuuliza mama wa Vihiga: yule msichana aliyekalia mikono alikuwa anawaza nini?

Mstaafu wa Angani, Vihiga
Mwambie tunakaa hivyo ili mikono isirushwe huku na huku ndege ikigonga. Na kichwani tunarudia kimyakimya: mlango wangu uko wapi, unafunguka vipi, nitapaza neno gani, nani karibu yangu atahitaji msaada na nani ana nguvu. Alipomtazama mama yako alikuwa ameshampangia. Huyu atahitaji mkono, na kijana aliyeketi kando yake ndiye nitakayemwamuru ampe.